Ikisimama Inazima

Taa gani? Mchana wa jua, mlango wa ukumbi uko wazi, mwanga unaingia mpaka chini ya ngazi, mtu ashike taa ya nini? Ndivyo nlivyomjibu Nassor, mjukuu wa kaka yangu, siku ya arubaini ya babu yake. Hitma imeshasomwa, wageni wameshatawanyika, tumebaki wa nyumbani na sinia la mkate wa kumimina, na wala sikupunguza sauti. Alikuwa anawahadithia wenziwe jinsi marehemu alivyokuwa fundi, alivyoitengeneza mwenyewe ile pikipiki yake ya kale iliyokuwa ikizima, "na bibi Raya akimshikia taa." Akanitazama akatabasamu, anadhani kanisifu. Nikamwambia, mwanangu, mie nlishika spana. Aloshika taa simjui, kwa sababu taa haikuwepo. Akanambia, "Lakini bibi, babu mwenyewe ndo alotuhadithia hivyo." Hapo nikanyamaza, na wote wakageuka kunitazama, maana kunyamaza mie si kawaida yangu.

Nkaondoka nkaingia chumba cha ndani. Humo alikuwemo Zuwena, mjane wake, amekaa eda, mgongo ukutani na tasbihi mkononi. Nkakaa ubavuni mwake juu ya mkeka. Kuta za nyumba zetu za mji ni nene, lakini milango haizuii maneno, na nlijua kila lilosemwa ukumbini kalisikia. Nkawa natazama boriti za dari, zile zile za zamani, na mwaka ule ukanirudia wote. Mtu anaishi miaka mingi, mingi inapita tu. Mie mmoja ndo ulonifanya hivi nlivyo. Nlikuwa na miaka kumi na saba, na mkono wangu una harufu ya petroli ambayo hata limau halikuweza kuitoa.

Siku hizo miaka ya hamsini miezi tuliihesabu kwa mifungo. Pikipiki iliingia nyumbani Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi, kuukuu, rangi yake ya kijani imechujuka mpaka imekuwa kama majani ya chai. Wanaume wanne waliipandisha kizingiti ikawekwa ukumbini, baina ya ngazi na pahala pa kusukia mikeka pa Shangazi yetu, alotulea. Kaka Mbarouk aliitaka ile ile na si nyengine, kwa sababu gia yake ilikuwa ya mkono, ubavuni mwa tangi. Mguu wake wa kulia ulikuwa mwembamba tangu udogo na haubebi uzito. Kwa kuendesha haukumzuia kitu. Akipanda pale juu, humjui kama ana kasoro. Tatizo kiki, kile chuma cha kupiga kwa mguu ili iwake. Kiki ilikuwa upande wa kulia, nzito, ina tabia ya kurudisha teke, na yeye hakuweza kuipiga. Basi asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, naipiga mie, humo humo ukumbini, gauni nimelifunga kiunoni kwa kanga, mlango umerudishwa ili wapita njia wasione. Ikishawaka, Kaka anapanda, Shangazi anafungua mlango na kuweka ubao kizingitini, huyo. Akishatoka haizimi tena mpaka arudi. Huo ndo ulikuwa mpango wetu. Kila duka anasimama pikipiki inanguruma chini yake, anateremsha mikate, anaondoka. Kwa mtu mwenye miguu miwili mizima, pikipiki kuzima ni karaha tu. Kwa Mbarouk ilikuwa kubaki njiani mpaka apite mtu amwonee huruma, na huruma ndicho kitu alichokuwa hakitaki duniani.

Kazi yake ilikuwa kupeleka mikate ya boflo ya Mzee Khalfan mwenye tanuri, kwenye maduka ya njia ya Chwaka: Mwera, Dunga, Jendele, mpaka baharini. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Mfungo Tisa ukaanza ugonjwa. Ukiipa mafuta inakwenda kama ina wazimu. Ukiuachia mkono wa mafuta ili isimame, inanguruma kidogo, inakohoa, inazima. Siku moja Kaka alikaa Dunga mpaka adhuhuri, mikate imekauka, watoto wamemzunguka wanamwigiza anavyotembea. Alirudi hakusema. Alikula wali wake na mchuzi wa changu, akaosha mikono, akalala amegeukia ukuta. Maneno nliyapata mwenyewe, kutoka barazani. Mzee Khalfan alikuwa na desturi ya kukaa kwenye baraza letu jioni akinywa kahawa na wenziwe, na mie nyuma ya mlango nnachambua mchele. Nkamsikia anasema Mbarouk kijana mzuri, mwaminifu, lakini mkate haungoji mguu wa mtu. Ramadhani watu wanataka mkate wa kufuturia kwa wakati. Ukiisha mwezi wa Mlisho pikipiki haijatengenea, kazi atampa yule kijana wa baiskeli wa Mwembetanga.

Mlisho ndo Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani. Mie ungo wa mchele nkauweka chini. "Shikamoo, Mzee Khalfan," nikasema, humo humo nyuma ya mlango. Barazani wakatazamana. Mwisho akaitikia marahaba, sauti ya mtu alosalimiwa na ukuta. Nkamwambia, "Mguu wa kaka yangu haujazima hata siku moja. Kilichozima chuma. Chuma kinatengenezeka." Shangazi alinifinya mkono mpaka nkaona nyota. Usiku kucha alinisomea: mwari hasemi na wanaume barazani, na akisema hasemi hivyo, na ataniposa nani mie na ulimi huu. Nkamwambia anipose mwenye kutaka. Lakini neno lilikwishatoka, watu wamelisikia, na sasa nlikuwa na deni nalo. Chuma kinatengenezeka. Haya, kitengeneze.

Kwanza akaitwa fundi wa Darajani. Alikuja na mkoba, akakaa kwenye kigoda chetu, akanywa chai yetu, akatoa plagi akaipiga msasa, akasema pikipiki hii mzee, mzee haachi kukohoa. Kisha akaifungua kabureta kidogo, akaifunga, akakaza skrubu moja ubavuni mwake, ile pikipiki ikaanza kunguruma juu kwa juu hata ikisimama. Haizimi, kweli. Lakini siku ya pili yake, Kaka kasimama Mwera anateremsha mikate, ikamponyoka ikaenda naye mpaka kwenye tuta la muhogo, na mikate ikamwagika. Nkaona huu si utengenezaji. Huku ni kumpigia mgonjwa kelele asilale, halafu useme kapona. Jioni ile nkaifungua ile skrubu nkairudisha ilipokuwa. Kaka akaniuliza nani kanipa ruhusa. Nkamwambia nani kampa ruhusa yule.

Mie ufundi sikufundishwa na mtu, nlifundishwa na stovu. Nyumba zote za uchochoro wetu zilikuwa na stovu za mafuta ya taa, zile za kupampu, na kila stovu ina ugonjwa mmoja: kijitundu cha kutokea moto kikiziba, inavuta moshi, inafifia, inakufa. Kuna sindano yake, uzi wa chuma mwembamba kwenye kishikio cha bati. Wanawake wengi wanaudunga mara moja wakaacha. Mie nlikuwa nikizifungua zote, nione mafuta yanaingilia wapi na hewa inaingilia wapi, na ilifika hadi majirani wananiletea stovu zao zimefunikwa kanga kama watoto wachanga. Basi siku nlipomwona yule fundi kaifungua kabureta kidogo tu, nkachungulia begani mwake, nkaona mambo ni yale yale. Kuna tundu kubwa la kwendea mbio, na kuna kijitundu, chembamba kama cha stovu, cha kusimamia. Mbio inakwenda vizuri, ikisimama inafa. Sasa hapo mtu anahitaji kwenda shule gani?

Nkaifungua Ijumaa, wanaume wamekwenda msikitini. Nkakidunga kile kijitundu kwa sindano ya stovu, nkakipuliza kwa mdomo mpaka nkapata ladha ya petroli wiki nzima, nkafunga, nkapiga kiki. Ikanguruma, nkauachia mkono, ikaendelea, tuk tuk tuk, mpaka Shangazi akakohoa kwa moshi. Kaka aliporudi nkamwonesha. Aliivua kofia yake akanivisha mie kichwani. Siku mbili ilikwenda. Siku ya tatu ikazima Jendele. Nkaifungua tena, nkadunga tena, ikapona tena, ikazima tena. Mwezi wa Rajabu wote ulipita hivyo, na Kaka akaanza kusema tuzowee tu, kila Ijumaa na Jumanne uidunge. Hapo ndo tulipogombana kikweli. Nlimwambia mtu akisafisha kidonda kila siku na kila siku kinaingia mchanga, asiulize dawa, aulize mchanga. Akasema mie nna maneno mengi. Nkasema ndiyo, nnayo.

Nkaacha kudunga tu. Nkalitoa lile bakuli dogo chini ya kabureta, nkaimwaga petroli yake kwenye sahani nyeupe ya kaure, ile ya wageni, nkaisogeza mlangoni penye mwanga. Chini ya sahani kulikuwa na vinyuzi. Vidogo kama kope za paka, na vyekundu. Damu ikanipanda, kwa sababu pale pale, hatua chache, kakaa Shangazi na ukindu wake wa rangi anasuka mkeka. Nkamwambia, basi ni wewe. Mwezi wa pili huu nahangaika, kumbe ni makapi yako. Shangazi hakuinuka. Aliuvuta mkeka akautandaza wote mbele yangu. "Tafuta nyekundu," akasema. Zambarau ilikuwepo, kijani ilikuwepo, na nyeupe. Nyekundu hakuna. "Mwaka huu sikutia nyekundu," akasema, "imepanda bei. Sasa niombe radhi, halafu kamuulize kaka yako nani huko anakokwenda anasukia nyekundu." Nkamwomba radhi, na nkamuuliza. Kaka, ambaye kwa kawaida akiulizwa anajibu, akasema hajui, akainama akafunga viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Mlisho ulikuwa umeshaingia. Nkamwambia kesho nakwenda naye mpaka Chwaka, nione petroli inaingia wapi na mikono ya nani. Akakataa. Shangazi akakataa zaidi. Mwari juu ya pikipiki, baina ya makanda mawili ya mikate, mji mzima utazame? Nkawajibu na mji utazame. Ukishatazama utafanya kazi zake. Mwisho likakatwa shauri kwamba nakwenda kumwangalia bibi yetu mmoja Chwaka, mgonjwa, na kweli alikuwa mgonjwa, masikini, alikuwa mgonjwa tangu siku nlipozaliwa. Tulitoka jua halijapanda. Buibui nimelikaza kwa meno, harufu ya mkate moto pande zote, na kila tulipopita watu waliacha walichokuwa wanafanya. Mwera hakutia mafuta. Dunga hakutia mafuta. Kila kituo naangalia tangi kama askari.

Jendele palikuwa na kijiduka cha makuti, na binti wa mwenye duka akikiangalia baba yake akiwa shamba. Huyo ndo alikuwa Zuwena, rika langu, macho chini, sauti haisikiki. Alitukaribisha, akanipa muhogo wa nazi na chai, akanipa mto wa kukalia. Kisha, bila ya kuambiwa, akaenda nyuma akaleta debe la petroli, na kwenye msumari wake peke yake, mbali na vyombo vyengine, akatungua kifumbu. Kile kifuko cha ukindu cha kuchujia tui la nazi, kila nyumba Unguja inacho. Lakini hiki kilikuwa kipya, hakijawahi kuona nazi, na kimesukwa kwa mistari myekundu. Akakishika juu ya mdomo wa tangi, akamimina petroli pole pole, kwa uangalifu wa mtu anayemnywesha mgonjwa, ili kutu ya debe isiingie. Na kila ikipita, petroli ilikuwa inauosha ule ukindu mpya na kuteremka na vinyuzi vyake.

Kifumbu hakitiwi rangi. Hilo hata mtoto analijua. Rangi itaingia kwenye tui. Mtu akitia rangi kifumbu, hakukisuka kwa jiko, kamsukia mtu. Nkamtazama Kaka. Uso wake ulikuwa hauna pa kujificha. Nkaelewa mambo mawili kwa pamoja, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kulisema la kwanza, kwamba huyu hapa, huyu ndo anayekuua. Mie nshasema maneno makali kwa wazee, kwa mafundi, kwa jua na mvua. Na kwa kaka yangu ningesema na Sultani. Kaka akasema kwa sauti ya chini, "Raya. Nakuomba." Tangu kuzaliwa kwangu hajawahi kuniomba kitu. Kiki hakuniomba, nlipiga mwenyewe.

Nkafunga mdomo, nkafungua tena. "Bi Zuwena," nikasema, "kifumbu hichi kizuri mno kwa petroli. Nakitaka mie, nikakitundike kwetu. Kesho Kaka atakuletea mfuko wa kitambaa cha bafta, nitaushona mwenyewe mkunjo mara mbili, uchujie huo." Akanitazama mara ya kwanza machoni. Akamtazama Kaka. Akakikung'uta kifumbu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Mie nkasema nataka kuisafisha pikipiki kidogo kabla ya safari, nkatoa sindano ya stovu kwenye pindo la kanga, nkaifungua kabureta pale pale mbele yake. Zuwena akakaa kando akanishikia spana. Akawa anaitazama mikono yangu. Vile vinyuzi vyekundu nlivifuta kwa kidole nkavipangusia kwenye buibui, haraka, nkadhani nimemaliza.

Tangu siku hiyo haikuzima. Siku ya mwanzo ya Ramadhani, baada ya laasiri, Mzee Khalfan alikuwa barazani, amefunga, hana kahawa, hana subira. Kaka akasimamisha pikipiki mbele yake, mikono akaiweka mapajani, hakugusa mafuta, akawa anapakiwa mikate ya pili. Tuk tuk tuk. Makanda yakajaa. Tuk tuk tuk. Nyuma ya mlango mie pumzi nimezikamata. Mzee Khalfan alikaa akisikiliza, kisha akasema, hakugeuka, kama anauambia mlango wenyewe, "Chuma kimetengenezeka." Kazi ile Kaka aliifanya mpaka akawa na gari yake mwenyewe. Mfungo Pili akamposa Zuwena. Watu wakimuuliza pikipiki ilikuwa na nini, alisema plagi, na wakimuuliza nani fundi, alisema mwenyewe. Mie nlikuwa nasikia nanyamaza. Huo ndo ulikuwa ukimya wangu mmoja tu duniani, nlimpa kama zawadi ya harusi. Nlijua anafunika kifumbu asije mkewe akaona haya, na mie kaka yangu akifunika kitu, nafunika naye. Taa kaitia mwenyewe baadae, nadhani ili nisikose kuwemo.

Haya yote niliyapitisha kichwani nimekaa na Zuwena, na huko nje Nassor bado anabishana na wenziwe. Zuwena akaacha kuhesabu tasbihi. "Raya," akasema, "na kifumbu changu kiko wapi?" Nkamwambia kipo, kwenye sanduku langu, kimefifia. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliye katika eda, kimeshikwa mkono. "Mtu hakuombi kifumbu chekundu akapikie. Na vile vinyuzi ulivipangusia buibui kama mwizi. Nlijua pale pale." Nkamuuliza mbona hakusema. Akasema alimwambia mumewe wiki ya harusi, aliomba radhi, walicheka mpaka wakalia. Kisha Mbarouk akamwambia, usimwambie Raya kama unajua. Kajikaza kunyamaza kwa ajili yako, na kunyamaza kwake si jambo dogo. Akijua ni bure ataudhika.

Nkahesabu kwa vidole. Mie naficha ili Zuwena asijue, Zuwena anaficha ili mie nisijue anajua, na Kaka kakaa katikati anahadithia wajukuu habari za taa. Nataka kumkasirikia na yuko chini ya mchanga siku arubaini sasa. Nimemwita Nassor chumbani, nimemwambia akalete karatasi, aandike haya kama nnavyoyasema, asinipunguzie neno. Kaandika mpaka hapa, na Zuwena anajifanya anasali. Basi nakuulizeni nyinyi mnaosoma: miaka yote ile, nani alikuwa anafichwa?